Sakafu ya Mgodi Ikipanda, Sululu Peke Yake Haitoshi



Kila mtu anajua kwamba mchimbaji wa makaa ya mawe huogopa dari. Lakini yuko adui mwingine ambaye haanguki kichwani, bali huinuka miguuni. Njia ya chini ya ardhi ambayo mtu alikuwa akipita wima, baada ya miezi kadhaa hupita ameinama. Dari haikushuka. Sakafu ndiyo iliyopanda.

Sababu yake si uchawi. Chini ya makaa mara nyingi pana mwamba laini wenye udongo. Uzito wote wa ardhi iliyo juu huzielemea nguzo za makaa zilizoachwa, nazo nguzo huukandamiza mwamba ule. Mwamba hutafuta pa kutokea, na penye nafasi ni njiani tu, kama tope linavyopanda kati ya vidole vya miguu. Maji yakituama hapo, udongo huyanywa na kuvimba. Ninyi wa mashambani mmeuona udongo mweusi wa mbugani unavyovimba wakati wa masika na kupasua kuta za nyumba. Ni jambo lile lile.

Basi reli hupinda, mkanda wa kuchukulia makaa hulala upande, mfereji huziba. Baya zaidi, njia ikibanwa hewa hupungua, na pasipo hewa ya kutosha gesi ya methani hujikusanya. Kule Hwange, Zimbabwe, mlipuko wa tarehe 6 Juni 1972 uliua zaidi ya watu 420. Sisemi kwamba ulitokana na sakafu. Nasema kwamba hewa ya mgodini si jambo la kuchezea, na njia iliyobanwa ndiyo hiyo hiyo ya kukimbilia siku ya ajali.

Mwajiri anayekwepa gharama ana dawa moja: leteni sululu na mabeleshi, chimbeni, sawazisheni. Kuchimba kuna mahali pake. Hata huko Ruhr, Ujerumani, ambako migodi ilizidi kina cha mita 1,000 kabla wa mwisho haujafungwa Desemba 2018, zilitumika mashine za kukata sakafu. Lakini ukichimba na kuuacha uzito na maji vile vile, sakafu itapanda tena, na wewe utarudi kuchimba tena.

Dawa ya kweli huanza na maji: pampu zifanye kazi na mifereji iwe safi. Nguzo za makaa ziachwe pana, na njia zipitishwe mbali na sehemu zenye uzito mkubwa. Pale penye udhaifu, nondo ndefu zizamishwe katika sakafu, au tao la chuma lifungwe mpaka chini kama pete. Na kimo cha njia kipimwe kila wiki, vipimo viandikwe, mjumbe wa wafanyakazi avione.

Tena tuulize: nani analipia kazi hiyo ya kusawazisha? Mtu anayelipwa kwa tani akishinda siku nzima akichimba sakafu, jioni hana tani. Wachimbaji wa Marekani walipigania miaka mingi kulipwa kazi za namna hiyo. Nasi tudai hivyo hivyo. Mwajiri akilazimika kulipa kila saa ya kuchimba sakafu, ataona haraka kwamba pampu ni rahisi zaidi.

Mkataba namba 176 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1995, unampa mchimbaji haki ya kutoa taarifa ya hatari na kuondoka mahali penye hatari kubwa. Zambia iliuridhia mwaka 1999 na Zimbabwe mwaka 2003. Ninyi wa viwandani na mashambani mnao Mkataba namba 155 wa mwaka 1981, unaomlinda asiadhibiwe mfanyakazi aliyeondoka penye hatari kubwa ya karibu.

Lakini karatasi haisemi yenyewe. Anayeiona sakafu ikipanda kwanza ni yule anayeikanyaga kila siku. Aseme mapema, na chama kisimame nyuma yake.