Ukurasa wa Wazazi: Mwanamke Mwenye Bastola



Mama mmoja wa Katuba atuuliza hivi: "Binti yangu mwenye miaka kumi na mitatu asoma hadithi ya picha iliyojaa jangwa, magofu na bunduki. Shujaa wake ni mwanamke apandaye farasi na kuwinda watu ili alipwe fedha. Je, nimnyang'anye kitabu hicho?" Wengi wanalo swali kama hilo, nasi twalijibu kwa urefu, kwani ndiyo au siyo peke yake haitoshi.

Kwanza yafaa kujua hadithi hizo zatoka wapi. Kauboi si mgeni katika Kongo. Gazeti la watoto liitwalo Spirou lilianza mwaka 1938 huko Ubelgiji, katika nyumba ya Dupuis, jamaa ya wachapaji Wakatoliki. Mwishoni mwa mwaka 1946 mchoraji Morris akamtoa humo Lucky Luke, kauboi ambaye watoto wa Kongo wamemjua tangu zamani. Hata mji wetu ulikuwa na gazeti lake la vijana lenye hadithi za picha, Mwana Shaba Junior, lililoanzishwa mwaka 1964 na kampuni ya migodi.

Jangwa na magofu yalikuja baadaye. Mwaka 1979 Mbelgiji mwingine, Hermann, alitoa kitabu cha kwanza cha Jeremiah. Humo twaiona Marekani iliyoteketezwa na vita kati ya weupe na weusi. Miji imeanguka, serikali hakuna, na walionusurika wamerudia farasi na bunduki. Hadithi asomayo binti yule ni ya ukoo huo: mambo ya kauboi wa kale yamewekwa katika dunia iliyokwisha kuharibika. Tusishangae kwamba vijana wa Lubumbashi waipenda. Wakati wa kiangazi wao wenyewe hutembea katika vumbi jekundu, na kila siku huona kile kilima cheusi cha masazo ya shaba karibu na bomba kubwa la moshi. Mchoro wa nchi iliyokauka hauwi mgeni machoni pao.

Sasa tuje kwa huyo mwanamke. Katika hadithi za zamani wanawake walikuwa wachache mno. Sheria ya Ufaransa ya tarehe 16 Julai 1949 iliyalinda magazeti ya watoto dhidi ya mambo ya aibu na ya ukatili. Wachapaji wa Ubelgiji, waliotaka kuuza vitabu vyao huko, waliogopa hata kumchora mwanamke, wasije wakalaumiwa. Ndiyo sababu twakumbuka mwaka 1967, Morris na mwenzake Goscinny walipotoa kitabu cha Calamity Jane. Mwanamke huyo aliishi kweli, akafa mwaka 1903. Kitabuni apiga risasi, atafuna tumbaku na kutukana kama mwendesha mikokoteni, lakini msomaji ampenda kwa ajili ya moyo wake mwema.

Tena tusisahau yaliyotokea kwetu. Katika miaka ya 1950 vijana wa Kinshasa, uliokuwa ukiitwa Léopoldville, walitazama sinema za kauboi wakajiita Bill, kwa kumwiga Buffalo Bill. Waligawana mitaa, wakatunga lugha yao. Baadhi yao waliwateka wasichana wa mitaa mingine na kuwatenda vibaya. Katika mchezo ule msichana hakuwa mpanda farasi, alikuwa windo. Basi binti wa leo akifurahi kumwona mwanamke asiyeweza kutekwa na mtu yeyote, furaha yake ina sababu ya haki. Tusimcheke, wala tusimwambie kwamba farasi na ushujaa ni mambo ya wavulana.

Lakini liko jambo la pili, nalo ni zito kuliko la kwanza, yaani ile bei iliyoandikwa juu ya kichwa cha mtu. Mwaka 1972 Morris na Goscinny walitoa kitabu juu ya mwinda watu mmoja, nao hawakumsifu hata kidogo. Tajiri aahidi fedha nyingi mno kwa sababu ya farasi wake aliyepotea, na Mhindi Mwekundu mmoja ahesabiwa mwizi kabla ya kusikilizwa. Kila mwenye bunduki atoka mbio kumtafuta.

Mambo ya kweli yalikuwa machungu zaidi. Mwaka 1881 mkuu wa jimbo la Missouri aliahidi dola 5,000 kwa atakayemtia mbaroni jambazi Jesse James. Tarehe 3 Aprili 1882 kijana mmoja wa kundi lake, Robert Ford, alimpiga risasi kwa nyuma, nyumbani mwake, alipokuwa akiiweka sawa picha ukutani. Ford alihukumiwa kunyongwa, akasamehewa siku ileile. Fedha alizopata zilikuwa sehemu ndogo tu ya zile zilizoahidiwa, na watu walimdharau. Mwaka 1892 naye akauawa kwa bunduki.

Wazee wa Lubumbashi hawahitaji mifano ya Marekani. Katanga ilipojitenga, tangu Julai 1960 hadi Januari 1963, walikuja hapa askari wa kukodiwa kutoka nchi za mbali, ambao kwa Kifaransa waliitwa Les Affreux, maana yake watu wa kutisha. Waliua kwa mshahara. Babu na nyanya waliowaona wajua vizuri kwamba anayelipwa kwa kuua haulizi maiti ni ya nani.

Basi, mama mpenzi, shida ya kitabu kile si kwamba mwanamke amepanda farasi. Shida ni kazi aliyopewa. Kazi mbaya ya mwanamume ikishikwa na mwanamke haigeuki kuwa njema.

Je, umnyang'anye? Sisi twasema hapana. Ukikichukua, atakisoma kwenye simu ya rafiki, nawe hutakuwapo. Padre de Laet, mmisionari wa Scheut, hakuwafukuza wale Bill wa Kinshasa. Alikwenda katikati yao, akajifunza maneno yao, hata wakamwita Père Buffalo. Ukae nawe karibu na binti yako, msome pamoja, na umwulize mambo matatu. Nani ameweka bei hii, naye apata faida gani? Anayewindwa amekosa nini, na nani amesikiliza maneno yake? Fedha zikisha kulipwa, nani atawalea watoto wake?

Pengine katika ukurasa fulani yule mwanamke atamtazama mtu aliyemfunga, asikie habari zake, aache kuzipokea fedha. Hapo usifunue ukurasa upesi. Umwulize binti yako angefanya nini yeye mwenyewe. Na ikiwa ukurasa kama huo haumo, na kila aliyeuawa huanguka mchangani bila jina wala mama, umwambie waziwazi kwamba kitabu hicho kimechorwa vizuri lakini kimekosa ukweli.

Tena, kama babu yake yu hai, umpeleke kwake na kitabu mkononi. Mzee hatajua kauboi hao ni akina nani. Lakini binti akimweleza kazi ya mwinda watu, mzee atakuwa na mengi ya kumsimulia juu ya miaka mitatu ile, naye binti atapata kwake mambo ambayo hakuna mchoraji aliyemchorea.