TAARIFA YA TAWI: KUHUSU SAA YA MGENI RASMI

Ndugu wanachama,

Tumeisikia ile sauti inayozunguka kwenye magrupu, kwamba uongozi wa tawi una "wivu wa saa". Tunajibu mara moja tu.

Ni kweli, kwenye harambee ya bati za ofisi, mgeni rasmi wetu, ambaye pia anaomba kura zetu za maoni za udiwani, aliivua saa yake ikapitishwa meza kuu. Nasi tuliishika. Ni saa ya Uswisi isiyo na betri, inaendeshwa na springi. Nyuma ina kioo, unaona magurudumu yakizunguka, kila ukingo umesuguliwa kwa mkono hadi unang'aa. Kazi ya fundi yule tunaiheshimu kabisa. Lakini saa ya springi, hata ikiwa na cheti cha usahihi cha Uswisi, inaruhusiwa kuchelewa sekunde 4 au kuwahi sekunde 6 kwa siku. Saa ya kawaida ya betri inaishinda. Kwa hiyo hainunuliwi kwa ajili ya kujua wakati.

Alituambia inaonyesha saa za miji miwili kwa sababu ya safari zake za Dubai. Jamani, Dubai imetutangulia saa moja tu! Sisi tangu shule ya msingi tunaona mshale kwenye 7 tunasema saa moja. Tunatoa sita kichwani, bure.

Hoja yetu ni ya hesabu. Saa za daraja lile bei yake ni makumi ya mamilioni ya shilingi. Katika vitabu, ukiandika mali upande mmoja, upande wa pili lazima uandike ilikotoka. Kama aliinunua, ni kwa biashara ipi? Kama ni zawadi, aliyempa anataka nini kwenye kata yetu? Bati kumi alizochangia tumezikatia risiti. Hatuwezi kuzikubali kama jibu.

Peru mwaka 2024 polisi walivunja mlango wa Rais Dina Boluarte wakitafuta saa za Rolex. Kwanza alisema ni jasho lake, baadaye akasema aliazimwa na gavana. Hapa kwetu Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995 inamtaka diwani atamke mali zake, ila akishapata cheo. Sisi tunataka kujua kabla hatujampa.

Kwa hiyo kila mtia nia, si huyu peke yake, alete karatasi moja ya mali na zawadi zake kabla ya kura. Viongozi wa tawi tunaanza sisi: pikipiki ya katibu, pamoja na deni lake, itasomwa kikaoni.

Kikao ni Jumamosi saa 10 jioni, ofisi ya tawi. Njooni na kadi. Mwenye swali aliulize pale, si kwa sauti za kusambaza.

Imetolewa na:
Katibu wa Tawi, kwa niaba ya Kamati ya Siasa