Sarafu ya Kale Isisuguliwe

Mwanafunzi wa Kibaha au Kisarawe aokotapo sarafu ya kale shambani, aghalabu jambo la kwanza alifanyalo ni kuisugua kwa limau na majivu mpaka ing'ae. Mnunuzi naye huipenda ing'aayo. Wote wawili hukosea, na kosa hilo halirekebishiki.

Ikiwa ni hela ya Kijerumani, ile ya shaba iliyoanza kutolewa mwaka 1904, mia moja kwa rupia, ambayo jina lake limebaki katika Kiswahili kuwa jina la fedha yoyote, hasara si kubwa sana, kwani mwaka umeandikwa juu yake. Lakini sarafu ndogo za fedha za watawala wa kale wa pwani hazina mwaka. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, Pemba, Mark Horton na wenzake walifukua zaidi ya 2,000. Umri wake ulijulikanaje? Pamoja nazo palikuwa na dinari chache za dhahabu, nyingine za Wafatimidi wa Misri, zenye tarehe. Ndipo hazina ile ikawekwa katika karne ya 11. Lau aliyeifukua angaliiuza moja moja sokoni, ushahidi huo ungalipotea kabisa.

Uzito nao ni ushahidi. Wakusanyaji wa kopeki za kale za Urusi wanalijua hili. Waya wa fedha ulikatwa vipande, vikapondwa viwe bapa, kisha vikagongwa kwa nyundo kati ya mihuri miwili. Baada ya mageuzi ya 1535 kopeki ilikuwa na gramu 0.68 hivi, zama za Peter Mkuu ilishuka hadi 0.28. Katika kipande chepesi hivyo, kusugua kidogo tu huharibu hesabu. Hata ule weusi wa juu ni fedha iliyoungana na salfa. Auondoaye kwa majivu huondoa sehemu ya sarafu yenyewe.

Wapo wasemao kwamba bila wakusanyaji sarafu nyingi zingaliyeyushwa kuwa bangili. Ni kweli. Lakini mkusanyaji asiyeandika alikoipata sarafu yake ni mwenye duka tu.

Maabara ya kemia ina mizani. Kijiji, shamba, kina cha udongo na vigae vilivyokuwa karibu viandikwe daftarini. Sarafu ipimwe pamoja na uchafu wake, kisha Idara ya Mambo ya Kale iarifiwe, kwani sheria ya 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863.