Lango Si Pahali pa Kumweka Aliyebaki

Katika viwanja vya shule za Kasulu na Kibondo, kama katika viwanja vingi vya nchi hii, watoto wakisha kugawana timu aghalabu hubaki mmoja ambaye hakuna upande uliomtaka, ama kwa kuwa mbio zake ni chache, ama kwa kuwa mguu wake haujui kuutuliza mpira, na huyo ndiye aambiwaye, "Wewe nenda golini." Ada hii imezoeleka hata walimu wenyewe hawaioni kuwa ni kosa, nami nasema, bila ya kutaka kumvunjia mtu heshima yake, ya kuwa hapo ndipo tunapoanza kuwapoteza walinda mlango wetu, miaka kumi na zaidi kabla ya siku ile ambapo klabu kubwa za Dar es Salaam huvuka mipaka kwenda kutafuta kipa wa kumpa mshahara.

Tazameni mambo yalivyo. Yanga ilimleta Djigui Diarra kutoka Mali mwaka 2021; Simba nayo ikamleta Ayoub Lakred wa Moroko mwaka 2023, na mwaka uliofuata ikamtwaa Moussa Camara wa Guinea. Siwalaumu wenye klabu, kwani anayetaka ubingwa hawezi kuambiwa angoje mpaka sisi tumalize kulea. Wala siwahusudu wageni hao, maana ni mafundi, na kijana mwenye macho hujifunza mengi kwa kuwatazama tu. Lakini timu ina mabeki wanne, na viungo kadha wa kadha, na washambuliaji, ilhali lango ni moja na asimamaye ndani yake ni mmoja, na maadamu mmoja huyo ni mgeni, wenyeji wote waliosalia ni watu wa benchi. Upungufu wa malezi ambao katika nafasi nyingine ungeweza kusitirika, katika nafasi hii hudhihirika mbele ya uwanja mzima.

Wala haitupasi kudhani kuwa ardhi yetu haioteshi walinda mlango. Wazee wanawakumbuka Athumani Mambosasa na Juma Pondamali, waliokwenda Lagos na Taifa Stars katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1980. Na baadaye akaja mwana wa Kigoma, Juma Kaseja, ambaye maisha yake golini ningependa kila mwalimu wa michezo ayatafakari kwa utulivu. Si mtu wa kimo kirefu kwa kadiri ya makipa, na kama angalipimwa kwa kamba ya urefu peke yake pengine asingalipata hata jezi. Lakini mwaka 2003, naye ana umri wa miaka 18, alisimama katika lango la Simba mjini Cairo mbele ya Zamalek, waliokuwa mabingwa wa Afrika, na mambo yalipofika kwenye mikwaju ya penalti, Zamalek wakatolewa nyumbani kwao. Miaka 16 ikapita. Mwaka 2019, akiwa mtu wa miaka 34 na akichezea KMC, akaitwa tena kulitumikia taifa. Mwezi wa Agosti Kenya wakatolewa kwa penalti pale Nairobi, na mwezi wa Septemba, Dar es Salaam, baada ya sare mbili za bao 1-1, Burundi, ambao watu wetu wa Mabamba huamkiana nao mpakani, wakapiga penalti tatu wasipate hata moja.

Baina ya Cairo na siku hiyo kuna mambo ambayo mashabiki hawapendi kuyasimulia. Mwezi wa Desemba 2013, Kaseja akiwa upande wa Yanga, timu yake ilifungwa na Simba 3-1, na lawama za mji mzima zikamwangukia yeye, kana kwamba miaka kumi ya kazi yake ilikuwa imeandikwa juu ya maji. Lau angaliyasadiki maneno ya siku ile, asingalikuwapo mtu wa kuitwa mwaka 2019. Hali kadhalika Aishi Manula, aliyelinda lango la Taifa Stars katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika kule Misri mwaka 2019, za kwanza kwetu baada ya miaka 39, alikuja kuwa golini Novemba 2023 Simba ilipofungwa 5-1 na watani wao Yanga, na kwa muda wa juma zima tulimsikia akihukumiwa na watu ambao hawajapata kudaka hata chungwa.

Hapa pana jambo la insafu ambalo nataka tulitazame pamoja. Mshambuliaji akikosa mara tano akafunga mara moja, hubebwa mabegani. Mlinda mlango akiokoa tano, moja ikampita, huulizwa habari za hiyo moja. Brazili walipofungwa na Uruguai 2-1 katika Kombe la Dunia, uwanjani Maracanã, mwaka 1950, kipa wao Moacir Barbosa alishikwa na lawama mpaka alipofariki mwaka 2000, nusu karne nzima kwa mpira mmoja uliopita baina yake na nguzo. Nchi kubwa ilifanya dhuluma kubwa. Sisi katika vijiji vyetu twafanya ile ile kwa kipimo kidogo, tunapomzomea mtoto wa darasa la sita mbele ya wenzake mpaka machozi yanamtoka, na mechi ijayo haonekani tena uwanjani. Tukishangaa baadaye kwamba hatuna makipa, tumshangae nani?

Na sasa nije katika kazi yenyewe, kwani wengi huizungumza na wachache huijua. Lango lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44, na mpigaji wa penalti yuko mita 11 tu; hakuna mwanadamu awezaye kuijaza nafasi ile kwa mwili wake, hivyo huijaza kwa akili, kwa kusogea mbele ili kumpunguzia mpigaji upenyo, kwa kulitazama bega na nyonga yake kabla mguu haujafika mpirani, na kwa kuwapanga mabeki wake kwa sauti isiyokoma. Tena iko elimu ya kuanguka. Kipa aliyefunzwa hatui kwa kiwiko wala kwa goti. Hutua kwa ubavu, paja likitangulia, kisha nyonga, kisha bega, na mpira umekumbatiwa kifuani. Nendeni basi mkatazame viwanja vyetu wakati wa kiangazi: nguzo za mikaratusi, na mbele ya lango, pale ambapo nyasi zimekwisha kwa kukanyagwa, kuna ardhi nyekundu iliyokauka na changarawe zinazochuna ngozi kama tupa. Mtoto akianguka hapo mara moja, huamka na damu kwenye nyonga. Mara ya tatu mwili wake umekwisha jifunza kutoanguka, nao hulihifadhi fundisho hilo hata atakapokuwa mtu mzima kwenye majani ya Uwanja wa Mkapa. Ndiyo maana tuna vijana wengi wanaodaka kwa miguu iliyosimama, wakiusindikiza mpira kwa macho unapoingia pembeni. Twawaita waoga, na woga huo tumewafunza sisi.

Dawa yake haihitaji mfadhili wa ng'ambo. Chimbeni kidogo mbele ya lango moja tu la mazoezi, leteni mchanga wa mtoni na maranda kutoka kwa maseremala, na mtoto ataanza kuruka katika muda usio mrefu. Mchagueni yule mwepesi wa macho na mwenye moyo, hata kama angefaa kuwa mshambuliaji, kwa sababu tangu sheria ya mwaka 1992 iliyomkataza kipa kuudaka mpira aliorudishiwa na mwenzake kwa mguu, mlinda mlango asiyejua kuucheza kwa miguu ni mzigo kwa timu yake.

Enyi wazazi, nina neno nanyi pia. Baba zenu na babu zenu Waha walitoka katika vilima hivi kwa maelfu, wakapanda garimoshi la reli ile iliyofika Kigoma mwaka 1914, wakaenda kukata mkonge wa Tanga na Morogoro, wakaitwa manamba. Walitoa nguvu zao, na ustadi wa kurudi nao nyumbani wengi hawakupewa. Msikubali mtoto apelekwe hivyo hivyo na dalali wa mpira, pasipo mkataba uliosomwa, na shule ikiwa imekatishwa kidato cha pili. Kazi ya golini haina haraka hiyo. Dino Zoff alitwaa Kombe la Dunia mwaka 1982 akiwa na miaka 40. Essam El-Hadary wa Misri alicheza fainali za mwaka 2018 naye ana miaka 45. Kijana akimaliza kidato cha nne kwanza hajapoteza chochote, na siku bega litakapoteguka, Mungu apishie mbali, atakuwa na kitu kingine mkononi.

Tena siku hizi safari imekuwa fupi. Mashujaa ya Kigoma imo katika Ligi Kuu tangu mwaka 2023, na mwaka 2024 katika uwanja wa Lake Tanganyika iliitoa Simba kwa mikwaju ya penalti katika Kombe la Shirikisho. Kijana wa Kibondo hana tena sababu ya kuwaza Dar es Salaam kabla hajateremka ziwani. Kinachokosekana ni mtu wa kupanda mlimani kumtafuta. Basi nawasihi maofisa michezo wa wilaya za Kasulu na Kibondo: kabla ya mashindano yajayo ya shule za sekondari, UMISSETA, waiteni walimu, mmoja kutoka kila tarafa, mleteni kipa mmoja mstaafu akae nao juma zima, awaoneshe namna ya kumfunza mtoto kuanguka na kutoka kwenye krosi, na kila mwalimu aondoke na jozi mbili za glavu. Fedha zake zitolewe katika zile zile za jezi na vikombe, na maombi yafike halmashauri kabla vikombe havijaagizwa.