Tupime, Lakini Mnyonge Asipunjwe Katika Mizani

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huu unaihusu fedha ya umma kuliko fedha nyingine yoyote, maana fedha hiyo ni jasho la mkulima na mfanyakazi. Kwa hiyo hatuna ugomvi na mtaalamu anayetaka kujua kila shilingi iliyotengwa kwa ajili ya maskini imezaa nini. Mpango usiopimwa ni mwanya wa ubadhirifu, na ubadhirifu unapotokea, wa kwanza kuumia ni yule yule maskini ambaye mpango ulianzishwa kwa jina lake.

Tunalotaka kulisema ni jingine. Katika uchambuzi wa gharama na faida, upande mmoja huorodheshwa matumizi, upande wa pili huorodheshwa manufaa yaliyokwisha kugeuzwa kuwa fedha, kisha pande hizo mbili hulinganishwa. Faida ikizidi, mpango huonekana unafaa. Ikipungua, huonekana ni hasara. Ni hesabu nyepesi kuieleza. Lakini ndani yake yamo maamuzi ambayo si ya hesabu hata kidogo, na maamuzi hayo yakifanywa kwa siri au kwa uzembe, mnyonge hupunjwa.

Hapana budi tukumbuke asili ya kipimo hiki. Huko Marekani, sheria ya mwaka 1936 ya kuzuia mafuriko iliagiza kwamba Serikali ishiriki katika miradi ya mito pale ambapo faida, bila kujali zinamwendea nani, zinazidi gharama. Kwa mabwawa na kingo za mito utaratibu huo ulikuwa na mantiki yake. Unapohamishiwa kwa watu wasiojiweza, kule kutojali faida zinamwendea nani ndiko kunakoleta dhuluma. Shilingi elfu kumi za mwenye duka na shilingi elfu kumi za mjane asiye na akiba ni namba moja katika daftari, lakini si kitu kimoja jikoni. Hata Serikali ya Uingereza, katika mwongozo wake wa tathmini wa mwaka 2003, ilikubali kwamba manufaa yanayomfikia mwenye kipato kidogo yanaweza kupewa uzito mkubwa zaidi. Basi asitokee mtu akatuambia kwamba kumjali maskini ni kuikiuka elimu ya uchumi.

Tunao mfano wa nyumbani. Katikati ya miaka ya 1980, uchumi ulipobanwa, wazazi walianza tena kutozwa ada katika shule za msingi. Katika daftari, ada ilisomeka upande wa mapato. Mtoto aliyebaki nyumbani kuchunga mbuzi kwa kukosa ada hakuandikwa popote, kwa sababu hasara yake haikuwa na stakabadhi. Ada ilipofutwa mwaka 2001, wanafunzi wa shule za msingi waliongezeka kutoka takriban milioni 4.8 mwaka huo hadi karibu milioni 6 mwaka uliofuata. Walimu mliokuwapo mnakumbuka jinsi madarasa yalivyofurika. Watoto wale hawakushuka kutoka mbinguni. Walikuwapo siku zote, ila hesabu zetu hazikuwa na safu ya kuwaandika.

Uko pia mfano wa upimaji mwema. Kabla ya Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini kuzinduliwa mwaka 2012, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii ulifanya majaribio katika vijiji 80 vya wilaya za Bagamoyo, Chamwino na Kibaha. Nusu ya vijiji hivyo vilianza kupokea ruzuku mwaka 2010, na nusu vikasubiri ili ulinganisho upatikane. Waliokuwa wakidai kwamba maskini akipewa fedha ataimalizia kilabuni walipata jibu: kaya zilizopokea ruzuku zilijiunga zaidi na bima ya afya, zilinunua mifugo, na watoto wao walipata viatu.

Lakini ruzuku hiyo iliendana na masharti ya kupeleka watoto kliniki na shuleni. Je, nani hulipa gharama za kutimiza masharti? Mama anayeacha palizi kutwa nzima kwenda kupanga foleni ya malipo amelipa siku moja ya kazi. Mwalimu anayebaki shuleni jioni kujaza fomu za mahudhurio amelipa saa zake. Mambo hayo ni rahisi kuachwa nje ya hesabu kwa kuwa hayakutoka Hazina. Mtaalamu aliyeketi ofisini huona mpango ni nafuu, kumbe unafuu wenyewe umebebwa na mgongo wa mama.

Kama gharama zinavyofichika, ndivyo na faida zinavyofichika. Huko Busia, magharibi mwa Kenya, kuanzia mwaka 1998 watafiti Edward Miguel na Michael Kremer walifuatilia shule 75 zilizopewa dawa za minyoo kwa awamu. Utoro ulipungua kwa robo hivi, tena hata watoto ambao hawakumeza dawa walinufaika, kwani minyoo ikishauawa kwa mmoja haimwambukizi jirani yake. Ambaye angepima waliomeza dawa peke yao angeandika faida pungufu kuliko ile ya kweli. Wapo wataalamu waliobishana na matokeo hayo, na ubishi wa namna hiyo ni afya ya elimu. Hata hivyo, miaka 20 baadaye, waliopata dawa kwa miaka miwili au mitatu zaidi walionekana kuwa na kipato cha saa kilichowazidi wenzao kwa takriban asilimia 13.

Hapo linazuka suala la muda. Wachumi huipunguza thamani ya faida ya kesho ili ilinganishwe na gharama ya leo. Kwa kiwango cha punguzo cha asilimia 10 kwa mwaka, shilingi 100 zitakazopatikana baada ya miaka 20 huhesabiwa kuwa shilingi 15 tu za leo. Kwa asilimia 3, huhesabiwa kuwa shilingi 55. Mtoto ni yule yule na dawa ni ile ile. Kilichobadilika ni namba moja iliyochaguliwa na ofisa. Namba hiyo yaweza kuufuta mpango mzima wa watoto bila mkutano wowote kuijadili.

Tena wapo wasioweza kuleta faida ya fedha kamwe. Mzee wa miaka 80 aliyefiwa na watoto wake hana kipato cha kesho cha kuingizwa katika hesabu. Tukimpima kwa kipimo hicho, daima atakuwa hasara. Haki yake haitokani na faida, inatokana na utu wake. Kwake yeye swali halali la mtaalamu si kama asaidiwe au asisaidiwe, bali ni njia ipi itakayomfikishia msaada kwa upotevu mdogo kuliko nyingine. Hapo daftari lina kazi kubwa na ya heshima.

Kwa hiyo tunawataka watendaji wazingatie mambo matatu. Kwanza, kila tathmini ionyeshe waziwazi ni nani anayelipa na ni nani anayenufaika, pamoja na siku za kazi za wananchi zisizoonekana katika bajeti. Pili, kiwango cha punguzo kitajwe ukurasa wa kwanza, na matokeo yaonyeshwe kwa viwango zaidi ya kimoja. Tatu, kabla ya mpango kufutwa, tathmini isomwe katika mkutano wa kijiji kwa Kiswahili kinachoeleweka, ili wanaohesabiwa nao wapate kuihakiki hesabu.

Wahenga hao hao waliosisitiza daftari ndio waliosema pia: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Ofisa atakayeshika kalamu kesho asubuhi na aanze kazi kwa kujiuliza ni nani hayumo katika orodha yake.