Mlango unalindwa, nyumba inabomolewa

Boma la Kale, katika Barabara ya Sokoine jijini Dar es Salaam, lilijengwa miaka ya 1860 enzi za Sultani Majid bin Said. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe, dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Ni miongoni mwa majengo machache ya zama hizo yaliyobaki jijini.

Si yote yaliyosalimika. Salamander, jengo la ghorofa lililojulikana na kila aliyepita Mtaa wa Samora, limeshavunjwa. Wanaotetea ubomoaji husema jiji lazima likue. Ni kweli, watu wanahitaji ofisi na makazi. Lakini viwanja vya maghorofa havijaisha, na jengo likishabomolewa halirudi.

Tatizo liko kwenye sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Yaliyofuata yanasubiri tangazo la Waziri. Kwa kipimo hicho karibu Dar es Salaam yote, iliyoanza kujengwa miaka hiyohiyo, imeachwa nje. Ajabu ni kwamba mlango wa nakshi uliochongwa nchini kabla ya 1940 unalindwa, ilhali nyumba iliyoushika inaweza kuangushwa.

Bunge lisogeze mwaka huo mbele, angalau ulingane na wa milango. Kabla ya hapo, Waziri atumie mamlaka aliyonayo sasa: atangaze majengo ya katikati ya jiji, na kibali chochote cha kubomoa kisitolewe bila maoni ya Idara ya Mambo ya Kale.