Korona Haikuwafanya Wanafunzi wa Bunia Kuwa Wavivu

Usingizi wa wanafunzi uliovurugika wakati wa korona ulipewa jina moja tu katika nyumba nyingi za Bunia, mji mkuu wa Ituri mashariki mwa Kongo: uvivu. Kijana aliyekesha hadi saa nane usiku na kuamka saa nne asubuhi alihesabiwa kuwa ameharibiwa na simu na kukosa fimbo. Imani hiyo ni potofu, tena ni ya kikatili, kwa sababu inamwadhibu mtoto kwa jinsi mwili wake ulivyoumbwa.

Usingizi huongozwa na saa iliyo ndani ya ubongo. Mzunguko wake unazidi kidogo saa 24, kwa wastani kama dakika kumi, na kinachourudisha nyuma kila siku ni mwanga wa asubuhi unaoingia machoni. Mwanga huo ukikosekana, usingizi husogea mbele siku baada ya siku bila mtu kukusudia. Katika umri wa balehe kuna jambo la ziada: melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala, huchelewa kutoka. Utafiti wa Mary Carskadon nchini Marekani umelionyesha hilo tangu miaka ya 1990, lakini bado kijana hulaumiwa kana kwamba amejichagulia.

Bunia iko karibu na ikweta, na jua lake huchomoza karibu saa kumi na mbili mwaka mzima. Mwanafunzi aendaye shule kwa miguu hupata mwanga huo kila siku bila kuutafuta. Hata Ebola, iliyotangazwa Agosti 2018 na kuua watu zaidi ya 2,200 katika Kivu Kaskazini na Ituri, haikuifuta safari hiyo: masomo yaliendelea, watoto wakinawa mikono na kupimwa joto langoni. Korona ndiyo iliyoifuta, shule na vyuo vya nchi nzima vilipofungwa Machi 2020.

Safari ilipofutika, mwanga wa asubuhi ulifutika nayo na usingizi ukasogea, na kusogea huko kulionekana hata mbali sana na Ituri. Chuo Kikuu cha Colorado kilifuatilia wanafunzi 139 waliokuwa wakisomea nyumbani. Siku za masomo walichelewa kulala kwa dakika 50 hivi, na bado walilala nusu saa zaidi kuliko awali. Kwa maneno mengine, ratiba ya zamani ilikuwa ikiwanyima usingizi.

Simu ina hatia yake, maana mwanga wake usiku huichelewesha saa ya mwili. Lakini Bunia kulikuwa na hofu pia. Septemba 4, 2020, wapiganaji wa kundi la wanamgambo la CODECO waliingia mjini na silaha zao, na familia nyingi zilikuwa tayari zimekimbia vijiji na kujibana kambini au kwa ndugu. Mtoto anayetega sikio usiku kucha hulala mchana. Kumwita mvivu ni kumwongezea jeraha.

Imani hii ina upande wa pili: kumsifu anayekesha. Kabla ya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, mwanafunzi anayetia miguu katika beseni la maji baridi ili asisinzie huonwa shujaa. Lakini tangu 1924, wanasaikolojia Jenkins na Dallenbach walikwisha kuonyesha kwamba anayelala baada ya kujifunza husahau kidogo kuliko anayebaki macho. Kwa hiyo mzazi anayemsifu mwanawe kwa kukesha anamsifu kwa kupoteza alichosoma.

Shule zilizofungwa kwa korona zilifunguliwa Oktoba 12, 2020, zikafungwa tena Desemba 18 pamoja na amri ya kutotoka nje kuanzia saa tatu usiku. Saa ya mwili hairuki kwa tangazo la serikali. Husogezwa kidogo kidogo, kwa kuamka mapema na kutoka nje jua linapochomoza, simu ikilala chumba kingine. Aliyezoea kuamka saa nne, akitanguliza nusu saa kila baada ya siku mbili, huhitaji siku 16 kufikia saa kumi na mbili. Kalenda ya Februari 22, 2021, shule zilipofunguliwa upya, ilimtaka afike kwa siku moja.